Honi ya kivuko cha Busisi nani anayo? Uzi wa walimu wa historia Kanda ya Ziwa

#1 Mwalimu_Usagara

Wakuu, habari za jioni. Wakongwe wote, shikamooni.

Nafundisha historia sekondari, wilaya ya Misungwi. Jumanne nilikuwa na kidato cha pili, mada ikiwa usafiri wa ziwani. Nikawauliza, kabla ya daraja watu walivukaje kutoka Kigongo kwenda Busisi? "Kwa kivuko, mwalimu." Sawa. Kilikuwa kinaliaje? Darasa zima kimya. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Nimevuka sana na bibi, ila mlio siukumbuki. Nakumbuka mahindi ya kuchoma."

Daraja limefunguliwa Juni 2025. Kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, dakika chache umeshavuka, pale pale tulipokuwa tunakaa saa nzima na zaidi. Kwa mgonjwa anayekimbizwa Bugando huo ni uhai. Foleni siililii hata kidogo. Ila usiku ule nilipekua simu yangu nikakuta picha za nguzo za daraja tangu zinachomoza majini, video za ufunguzi, na picha zangu nimeegemea kingo za kivuko nikitabasamu. Sauti ya chombo chenyewe sina hata sekunde moja, na nimevuka pale miaka kumi. Karatasi za kivuko zitabaki kwenye mafaili ya serikali. Lile lango la chuma likishuka kwenye zege, nani kalihifadhi?

Ndiyo sababu ya kufungua uzi. Naomba mwenye sauti yoyote ya pale aiweke hapa. Na naomba tuzungumze kwa uzito jinsi ya kufundisha historia kwa masikio, pua na mikono, tukisaidiwa na hivi visimu tulivyo navyo, maana tumezoea kuifundisha kwa macho peke yake, tena macho yanayotazama ubao.

Nitoe mfano wangu uliofaulu. Somo lilikuwa ushirika wa pamba. Kwa kawaida naandika: wakulima wa Usukuma na Ukerewe walilalamikia mizani ya wanunuzi, mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaweka watu wao wa kupima upya, Paul Bomani akazunguka vijijini kuunganisha vyama, na 1955 ikazaliwa VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions), muungano uliokuja kuwa kati ya vyama vikubwa vya ushirika barani. Wanafunzi wananakili, kengele inalia.

Safari hii nilileta mfuko wa pamba mbegu kutoka kwa mjomba wangu Magu. Kila mmoja aliubeba kwanza, akaandika kilo anazokisia. Halafu nikautundika kwenye mzani wa kuning'iniza ambao asubuhi niliuchezea sindano ikaanzia chini ya sifuri. Wengi walikuwa wamekisia 15, wengine 16. Mzani ukasoma 11. Kelele iliyozuka! "Mwalimu, huu mzani mwongo." Nikawaambia mimi ndiye mnunuzi, mzani ni wangu, na bei ni hiyo, asiyetaka arudi na mzigo wake nyumbani, kwa miguu. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi kabisa, akasimama: "Basi na sisi tuwe na mtu wetu wa kupima." Sikuwa nimewafundisha bado. Mikono yake ndiyo iliyomfikisha pale.

Baadaye wakachambua safi na fifi kwa vidole, ile pamba nyeupe huku, iliyochafuka kule. Mpaka leo nikitaja VFCU darasani wanajua nazungumzia nini.

#2 Mtihani_Kwanza

Mwalimu mwenzangu, nakuheshimu, lakini acha niseme ukweli wa huku kwetu. Darasa langu lina watoto 94. Mfuko mmoja wa pamba ukizunguka mikononi mwa watu 94 kipindi kimekwisha. Umeme tunao, projekta hatuna. Simu mwanafunzi haruhusiwi kuja nayo shuleni, na anayekamatwa nayo anajua kitakachompata. Halafu mtihani wa taifa haumwulizi mtoto harufu wala mlio, unamtaka ataje sababu na aeleze. Nikitumia vipindi viwili kwenye mzani, mada tatu za mwisho nitazifundisha lini? Sikejeli. Natamani ningeweza.

#3 Fundi_Sauti_Mza

Mwalimu, kwa upande wa kurekodi nakuja na maelezo, nipo kazini sasa. Ila usidharau simu. Simu ya kawaida leo inanasa sauti safi kuliko vifaa vingi tulivyoanza navyo redioni.

#4 Binti_Nansio

Nimesoma kwa makini. Mimi si mwalimu, ni mzazi. Naomba nitoe angalizo moja.

Mwaka 1996 nilikuwa mtoto, tunaishi Mabatini, Mwanza. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei tulikuwa tunamsubiri mama mdogo kutoka Bukoba. Hakufika. Ninachokumbuka si picha. Nakumbuka redio ya jirani ikipiga nyimbo za maombolezo siku nzima, na nakumbuka baba akiizima kila alipopita karibu nayo. Hadi leo nikisikia muziki wa namna ile tumbo linanishika.

Nami ni mzaliwa wa Ukerewe. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa karibu kufika Ukara, watu 228 wakafa, wengine walikuwa wanatoka mnadani Bugolora. Watoto wa kule wapo madarasani kwenu sasa hivi. Hamwajui kwa sura. Kwa hiyo mkisema mtawafundisha kwa sauti za majini, fikirieni ni nani aliyekaa dawati la tatu.

#5 Mwalimu_Usagara

Dada wa Nansio, pole sana, na asante. Umenigusa pahali ambapo nilikuwa sitaki kupaeleza, lakini inabidi.

Mwaka juzi nilifanya kosa hilo hilo. Nilikuwa na spika ndogo mpya, nimejaa hamasa. Nikafunga madirisha ya darasa, nikawaambia wafumbe macho, nikawawekea sauti ya mawimbi, chuma kikilia na watu wakipiga mayowe, nikasema: "Mpo ndani ya MV Bukoba." Nilifikiri ndiyo kufundisha kwa hisia. Haikuisha hata dakika, mwanafunzi mmoja akatoka mbio. Nilimkuta nyuma ya choo anatetemeka. Babu yake alikuwa kwenye meli ile, na nyumbani kwao jambo hilo halitamkwi.

Nilimwomba radhi yeye na wazazi wake. Kisha nikajiuliza jambo la pili, ambalo kama mwalimu wa historia lilipaswa kuwa la kwanza: ile sauti niliitoa wapi? Niliipakua intaneti. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya filamu ya watu wengine, bahari nyingine, hata mayowe yenyewe si ya Kiswahili. Nilimuumiza mtoto kwa uongo.

Ukweli wenyewe hauhitaji spika. Meli ya kubeba abiria 430 ilibeba zaidi ya hapo, na ilipopinduka bila kuzama yote waokoaji walisikia watu waliofungiwa ndani wakigonga bodi. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka na meli ikaenda chini. Sasa hivi hilo nalisoma kwa sauti ya kawaida, madirisha wazi, baada ya kuwaarifu siku moja kabla ili asiyetaka kuwepo asiwepo. Mwaka jana waliotaka tuliwapeleka makaburi ya Igoma, walikozikwa waathirika wa MV Bukoba. Tulikaa kimya dakika tano. Barabarani daladala zinapiga honi, ng'ambo mtu anagonga bati. Wakaandika walichosikia. Zile ndizo kazi bora nilizowahi kusahihisha.

Na wewe ndugu Mtihani_Kwanza, hoja zako nazikubali zote. Darasa langu lina 71. Sikuwapa wote mfuko. Niliwapanga mstari wa watu kumi mbele, wengine wakawa wananchi wa kubishana, na kubishana hakuhitaji kifaa. Simu ni moja tu, yangu, na spika ya elfu ishirini na tano. Kuhusu mtihani, mtoto aliyeubeba ule mfuko anaeleza sababu za ushirika bila kukariri, maana sababu ilikuwa mabegani mwake. Tena mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili. Mtoto akiulizwa kwa lugha anayonusia na kusikilizia nyumbani, ana la kusema.

#6 Ng'wana_Kisesa

Mwangaluka wakuu. Mimi nyumbani ni Kisesa, jirani kabisa na makumbusho ya Bujora yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Nimekulia kwenye ngoma, kwa hiyo hapa kwenye masikio naomba nafasi.

Ukienda na wanafunzi Bujora wanaona ngoma za watemi zimepangwa. Wanapiga picha, wanaondoka. Ngoma isiyopigwa ni gogo lenye ngozi. Mwulize mwenyeji kila moja ilikuwa inalia lini na kwa ajili ya nani. Hapo ndipo utawala wa mtemi unaueleza vizuri, maana mtu aliye shambani hakumwona mtemi, alimsikia.

Jambo kubwa zaidi ni Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa sita. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu zamani, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni anayevuta watu wengi. Hakuna jaji mezani, umati ndio unaohukumu kwa miguu yake. Wale wa bayeye, wachezaji wa nyoka, wakitoa chatu, utaona upande mmoja unafurika ghafla kama maji.

Sasa angalieni kisa. Binamu yangu alirekodi mashindano yote kwa simu akiwa amesimama upande wa Bagalu, kwa sababu sisi ni Bagalu. Ukisikiliza rekodi ile utaapa Bagalu walishinda kwa mbali sana. Siku ile walishindwa. Shangazi yangu alikuwepo na alilia. Simu haikudanganya, ilisimama tu mahali pa upande mmoja.

#7 Mwalimu_Usagara

Ng'wana Kisesa, wabeja sana. Kisa cha binamu yako nakichukua kama kilivyo, nitakitumia darasani Jumatatu. Nimehangaika miaka kutafuta namna ya kueleza upendeleo wa chanzo cha historia kwa mtoto wa miaka kumi na tano, na wewe umenipa kwa aya moja.

#8 Msaka_Kumbukumbu

Naongeza upande wa mtandao, walimu wengi hawajui haya.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, imeweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha za enzi za makoloni yao, bure kutazama. Ukitafuta "Mwanza" utakosa mengi. Andika "Muansa", hivyo ndivyo Wajerumani walivyouandika mji wetu. Waambie wanafunzi watazame kisha waulize kitu ambacho picha haitoi: pale ufukweni palikuwa na kelele gani? Nani alibeba ile kamera na nani alibeba mizigo yake?

Wenzetu kwingine wamekwenda mbali. Mji wa York, Uingereza, una makumbusho yaliyofunguliwa 1984 ambamo unapita katika kijiji cha Waviking kilichotengenezwa upya pamoja na harufu zake, hadi za vyoo. Ufaransa, mtaalamu Mylène Pardoen ametengeneza upya sauti za mtaa wa Paris wa karne ya 18 kwa kompyuta, akirekodi mashine na zana za zamani ambazo bado zinafanya kazi. Kinachonivutia ni kwamba amejinyima kuweka sauti asiyo na ushahidi nayo.

Ila sisi tuna bahati wasiyo nayo wao. Waliosikia bado wapo hai. Mtu aliyelima kwa bugobogobo, jembe na ngoma vikienda pamoja, unaweza kumkuta leo amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake.

#9 Mama_Mwaloni

Mmesahau pua jamani. Nauza samaki Kirumba tangu 1988.

Waleteni watoto mwaloni saa kumi na moja alfajiri, mimi nitawafundisha. Mama yangu aliuza furu. Furu akikaushwa ana harufu tamu, nyepesi, hata nguo haishiki sana. Sangara alipoenea ziwani miaka ya themanini furu wakapungua mpaka wakawa wa kutafuta, na mji ukabadilika harufu. Mafuta ya sangara ni mengi, anataka kukaangwa au moshi mzito, kwa hiyo kuni zikaanza kuliwa. Vikaja viwanda vya minofu. Minofu ikapanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya kutolewa minofu. Mtu akiniambia "uchumi wa miaka ya tisini" mimi nasikia mafuta yakichemka kwenye karai na mapanki yakitumbukizwa. Mwaka 1999 Ulaya walipofunga soko kwa samaki wa ziwa letu, minofu ikarudi mtaani kwa bei ya kutupa, na kwa mara ya kwanza nilisikia mtaa wetu unanukia samaki mzima.

Hiyo haipo kwenye kitabu cha mwanangu. Nimekitafuta.

#10 Mtihani_Kwanza

Mama, shikamoo. Hiyo ya mapanki nimeisoma mara mbili. Naomba ruhusa niwasomee wanafunzi wangu maneno yako kama yalivyo. Hilo halihitaji projekta.

#11 Mama_Mwaloni

Marahaba mwanangu. Wasomee. Na waambie waniletee maswali.

#12 Fundi_Sauti_Mza

Nimerudi. Kwa wanaotaka kurekodi, fuateni hivi, nimejifunza kwa kuharibu nyingi.

Zima mtandao wa simu kwanza, maana ujumbe ukiingia katikati umeharibu. Anza kwa kutamka mwenyewe tarehe, saa, mahali ulipo na umeelekea wapi. Kisha nyamaza kabisa dakika mbili. Watu wengi wanarekodi sekunde kumi wakidhani inatosha. Sauti ya mahali inahitaji muda ili kitu kitokee: mtoto aite, pikipiki ipite. Ziwani adui ni upepo. Funika sehemu ya maiki kwa kitambaa chepesi au kipande cha sponji ya godoro, na ukae nyuma ya kitu, ukuta au gari. Usiishike simu ukiichezesha vidole, iweke juu ya mfuko.

Ukimrekodi mtu, omba ruhusa na ruhusa yenyewe irekodi. Faili usiliache kwenye simu peke yake, wala kwenye WhatsApp peke yake. Weka kwenye flashi, na nyingine kwa mtu mwingine. Lipe jina linaloeleweka. "Audio 0047" baada ya miaka mitano ni takataka.

Na mwalimu, usisafishe sauti kupita kiasi. Vijana siku hizi wanaondoa kelele zote mpaka anabaki mzee anaongea kama yupo kwenye kabati. Zile kelele ndizo zinazosema alikuwa wapi.

#13 Dereva_Geita

Wakuu nimepita kimya kimya uzi mzima, nikakumbuka kitu. Miaka ile ya kivuko, nikikwama Kigongo namtumia mke wangu ujumbe wa sauti asinisubiri kula. Mke wangu hafuti kitu kwenye simu yake. Nimemwomba atafute, ametoa saba. Mmoja wa 2021 nasema "bado tupo huku, gari kumi mbele yangu," na nyuma yangu honi inalia kabisa, halafu mtu anauza mayai. Nimeuweka hapa chini.

Sikujua kama nimebeba historia. Nilikuwa na njaa tu.

#14 Mwalimu_Usagara

Ndugu yangu dereva, nimeusikiliza nikiwa jikoni, nimeacha ugali ukaungua. Mungu akubariki wewe na shemeji.

Wakuu wote, kila mwenye simu atafute kwenye ujumbe wa sauti wa zamani. Tunatafuta rekodi za kitaalamu wakati sauti zimelala kwenye mazungumzo ya "nimechelewa" na "nimeshafika."

#15 Baharia_Mstaafu

Vijana, hamjambo. Nilifanya kazi vyombo vya majini miaka thelathini na moja, meli kwanza, vivuko mwisho. Mjukuu wangu ndiye anaandika, mimi nasema.

Kivuko kikikaribia gati injini inabadilika sauti kabla hujaona lolote. Inashuka, inakuwa nzito, halafu inanguruma kinyume kupunguza mwendo. Hapo maji ya nyuma yanachemka. Kisha minyororo, kisha lango linagusa zege. Likigusa vizuri ni mlio mmoja mfupi. Ukisikia miwili, nahodha amekosea kidogo, na sisi tuliokuwa chini tulitazamana. Abiria wa basi walishuka na kupanda kwa miguu, kwa hiyo baada ya chuma zinafuata ndala. Mamia ya ndala. Sauti hiyo ndiyo nimeikosa kuliko honi.

#16 Mwalimu_Usagara

Shikamoo mzee wangu. Maneno yako nimeyasoma darasani leo, kisha nikaweka ujumbe wa dereva mara nne. Kila kundi liliandika maelezo ya kubandika kwenye rekodi. Kundi lililokubaliwa na wengi limeandika hivi:

"Sauti ya kwanza. Kigongo, 2021. Honi ya kivuko kikifika kutoka Busisi. Mwuza mayai. Sauti ya dereva. Imetolewa na mke wake."

#17 Baharia_Mstaafu

Marahaba mwalimu. Wamefanya vizuri, lakini waambie wasikilize tena. Baada ya honi injini inapanda, haishuki. Na ndala hakuna. Kile kivuko hakifiki, kinaondoka, tena kimemwacha dereva.

#18 Dereva_Geita

Mzee yuko sahihi. Nimekumbuka sasa. Kiliniacha.

#19 Mwalimu_Usagara

Nimewarudishia. Wamebishana kipindi kizima kama waandike mzee, waandike dereva, au waandike masikio yao wenyewe. Maelezo mapya ni haya, yameandikwa na yule binti wa mahindi:

"Sauti ya kwanza. Kigongo, 2021. Honi ya kivuko kikiondoka kwenda Busisi. Tulidhani kinafika. Baharia mstaafu alitusahihisha kwa kusikia injini, na dereva aliyeachwa akakubali. Mwuza mayai hatujamjua jina, tunamtafuta."

Mwenye kumjua mama au kaka aliyekuwa anauza mayai pale Kigongo upande wa foleni ya malori, aandike hapa.